MAMA WA MIAKA HAMSINI NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu na dada wafanyakazi,

Katika karatasi hii yetu tumezoea kusoma habari za mishahara, za nyumba, za ovataimu, na za wenzetu waliofukuzwa kazi bila haki. Hayo ni mambo makubwa na hayana budi kusemwa. Lakini leo naomba nafasi niseme jambo moja ambalo sijaliona likiandikwa hapa hata siku moja, ingawa wanachama wengi wa chama hiki wanalo mwilini mwao wakati huu wanaposoma maneno haya. Nataka kusema juu ya kukoma kwa hedhi.

Najua wako watakaocheka. Wako watakaosema kwamba mama huyu amekosa haya. Na waseme. Mimi nimekata maua ya waridi kwa miaka mingi, na wafanyakazi wenzangu wamenichagua kuwa shopu stiwadi wao. Siku moja niliona haya mahali pasipofaa kuona haya, na mwenzangu akapoteza kazi. Ndiyo sababu naandika.

HABARI YENYEWE

Shamba nililofanyia kazi wakati huo silitaji jina, maana nia yangu si kugombana na mtu mmoja. Mambo haya hutokea katika mashamba ya maua, katika mashamba ya chai, katika viwanda vya nguo, hospitalini na hata maofisini. Katika sehemu yetu alikuwako mama mmoja wa miaka 48. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 17. Hakuna kijana aliyeweza kumshinda kukata waridi asubuhi, na nyapara mwenyewe alikuwa akiwaambia wafanyakazi wapya, "Mtazameni mama huyu, mfanye kama yeye."

Kisha mwaka mmoja akabadilika. Katikati ya grinihausi, yaani zile nyumba za plastiki, ungemwona ameacha kazi ghafla, amevua kitambaa cha kichwa, jasho linamtiririka usoni, anakwenda kusimama mlangoni apate upepo. Akawa anaomba ruhusa ya choo mara kwa mara. Asubuhi mbili tatu akachelewa. Mchana mmoja nyapara akamkuta amelala huku ameketi juu ya makreti. Akaandikiwa barua ya onyo iliyosema kwamba yeye ni mvivu. Akaandikiwa ya pili. Ya tatu ikamwita ofisini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa kosa, kwa kazi mbovu au kwa udhaifu wa mwili, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wakati anapoelezwa. Mama yule alinichagua mimi.

Tuliingia. Ndani walikuwako wanaume watatu, na sisi wawili. Wakamwuliza, "Mama, shida yako ni nini?" Akatazama chini akasema, "Nasikia joto tu." Wakacheka. Mmoja akasema, "Ni nani asiyesikia joto katika grinihausi?"

Ndugu zangu, mimi nilijua. Mama yule alikuwa amenieleza kwamba usiku hapati usingizi wa saa mbili mfululizo, kwamba huamka shuka imelowa kama imetolewa majini, na kwamba damu yake ya mwezi, ikija, hukaa siku kumi na kumwachia kizunguzungu. Ilinipasa kusema, "Mabwana, mama huyu si mvivu. Mwili wake unabadilika. Mpeni ruhusa aende kwa daktari, na mpeni kazi nyingine kwa muda." Badala yake nikasema, "Tunaomba asamehewe." Kama kwamba alikuwa ameiba!

Akapewa onyo la mwisho. Hakungoja jingine. Wiki iliyofuata akaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, akafunga mizigo, akarudi kwao. Baada ya miezi nikapata habari kwamba alikwenda zahanati, akapimwa, akaonekana ana upungufu wa damu, akatibiwa, akapata nafuu. Dawa ilikuwako siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mdomo, na mtu huyo alikuwa ni mimi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilipofika miaka 50, mimi nami nikakilalia.

NI KITU GANI HIKI?

Yafaa kila mtu ajue, mwanamume na mwanamke. Mwanamke huzaliwa akiwa na mayai yake yote, na mayai hayo hupungua mwaka kwa mwaka. Yakikaribia kwisha, mwili hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Kwanza siku za mwezi huanza kwenda ovyo: mara zachelewa, mara zaja upesi, mara damu ni kidogo, mara ni nyingi mno. Mwisho hukoma. Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hapana sababu nyingine, hapo ndipo madaktari husema hedhi imekoma. Kwa wengi huwa kati ya miaka 45 na 55. Wengine hupatwa mapema, hata kabla ya miaka 40, na mwanamke anayetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hupatwa mara moja.

Huu si ugonjwa, kama vile kubalehe si ugonjwa. Lakini una taabu zake. Estrojeni ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hukosa kadiri yake. Mwili hudhani umepata joto kupita kiasi, ukafungua jasho ili ujipoze. Joto hilo huja ghafla kifuani, shingoni na usoni, likakaa dakika chache, kisha likaondoka na kuacha baridi. Likija usiku huvunja usingizi, na asiyelala usiku hawezi kuwa mwepesi mchana. Wengine moyo huwaenda mbio, viungo huuma, husahau mambo, hukasirika upesi, au huona huzuni wasijue imetoka wapi. Mkojo husumbua. Sehemu za siri hukauka, na kukutana na mume huwa ni maumivu. Wako wanaopita bila kusikia lolote. Wako wanaoshikwa na joto hilo kwa miaka saba na zaidi.

Tena yako mawili yasiyoonekana kwa macho. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikilinda mifupa, na ikiondoka mifupa hupungua nguvu haraka katika miaka ya kwanza. Ndiyo maana bibi mzee akiteleza kidogo tu mlangoni huvunjika nyonga. Na baada ya hedhi kukoma, hatari ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka. Kwa hiyo mama wa miaka 50 anayejitunza leo anajitengenezea miaka yake 70.

MANENO YA WANAOPINGA

Nimelipeleka jambo hili katika mkutano wa tawi letu. Nilisikia majibu matatu, nami nataka kuyajibu moja moja, maana hayakusemwa na maadui. Yalisemwa na wenzetu.

La kwanza lilisema: "Bibi zetu walipitia hayo na hawakulalamika." Nami nauliza, wangelalamika kwa nani? Bibi yangu alilima shamba lake mwenyewe. Joto likimpanda aliweka jembe chini, akaketi kivulini, akanywa maji, akaendelea jua lilipopungua. Hakuwa na kengele ya kazi. Hakuwa na nyapara mwenye kalamu, wala hesabu ya maua ya kukatwa kwa saa moja. Mwili wa mwanamke ni ule ule. Kilichogeuka ni kazi. Tena si kweli kwamba bibi zetu walinyamaza. Walisemezana wao kwa wao. Sisi tulikuwa watoto, na wanaume hawakuwako.

La pili lilisema: "Haya ni mambo ya nyumbani, si mambo ya chama." Basi na uzazi je? Nao si jambo la nyumbani? Leo Sheria ya Ajira yampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara wake kamili, na hakuna mwanachama anayeona aibu kuitaja haki hiyo mbele ya mwajiri. Mimi kipimo changu ni rahisi. Kitu chochote kinachomfanya mfanyakazi aandikiwe barua ya onyo ni jambo la chama. Kama barua yatoka ofisini, basi jambo limekwisha kutoka nyumbani.

La tatu ndilo zito, na aliyelisema ni mama kama mimi. Alisema: "Tukitangaza haya, mwajiri atapata sababu ya kutuondoa sisi wazee na kuandika wasichana." Hofu hiyo ni ya kweli, siwezi kuidharau. Lakini tazameni vizuri. Mama yule wa miaka 17 aliondoka bila mtu kutamka neno hedhi. Wanaondolewa sasa, kimya kimya, kwa jina la uvivu, la uchelewaji na la uzembe. Kunyamaza hakukumlinda hata kidogo. Na akitolewa kazini akiwa na miaka 50, hali umri wa pensheni ya NSSF ni miaka 60, ujue amepoteza miaka 10 ya mshahara na miaka 10 ya akiba ya uzeeni. Huo ndio umaskini wa mabibi tunaouona vijijini.

Tena sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, kwa sababu ya umri na kwa sababu ya hali ya afya. Kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya kuwa na hali nzuri ya kazi. Neno kukoma hedhi halimo katika Sheria ya Ajira, hiyo ni kweli. Lakini haki za kututosha kuanzia zimo.

SHAURI LANGU

Wako wanaosema tudai likizo ya pekee, iitwe likizo ya kukoma hedhi. Nimefikiri sana, nami sikubaliani nao. Likizo yenye jina hilo itamlazimu kila mama akasimame mbele ya nyapara kijana, mwenye umri wa mwanawe, amweleze habari za damu yake. Wengi hawataiomba kamwe, na wachache watakaoiomba watajulikana na kuwekewa alama. Tena taabu hii ni ya miaka. Siku tano za likizo hazitaimaliza. Tunachohitaji ni kazi iliyopangwa vizuri, ili mama aweze kuifanya mpaka uzee wake bila kumwambia mtu siri yake. Kwa hiyo katika mapatano yajayo tudai mambo haya, na mengi kati yake yatamfaa hata kijana wa kiume:

1. Maji safi ya kunywa yawe karibu na kila sehemu ya kazi, si ofisini tu. Kumpa mfanyakazi maji safi ya kutosha ni wajibu wa mwajiri kwa sheria. Si hisani.

2. Choo kiwe karibu, na mtu aende bila kuandikwa jina. Mama wengi hujinyima maji kutwa kwa kuogopa kuomba ruhusa ya choo, kisha wakapata ugonjwa wa njia ya mkojo.

3. Pawe na kivuli na mahali pa kuketi nje ya grinihausi, na dakika chache za kutoka katika joto bila kukatwa malipo. Milango na mapazia ya kuingiza hewa yafunguliwe wakati wa jua kali.

4. Nguo za kazi ziwe za pamba, si za nailoni, na kila mtu apewe pea mbili. Nguo za kujikinga na dawa za kunyunyiza zisivuliwe hata kama joto ni kali, maana sumu ni sumu. Afadhali kazi zinazotaka nguo hizo zifanywe alfajiri, kabla ya joto kupanda.

5. Mfanyakazi akileta karatasi ya zahanati, abadilishiwe kazi kwa muda, bila kupunguziwa mshahara na bila kupoteza cheo chake.

6. Mfanyakazi wa miaka mingi, ambaye kazi yake ilikuwa nzuri kisha ikaharibika ghafla, asiandikiwe barua ya onyo kabla hajaulizwa faraghani juu ya afya yake. Na aulizwe na nesi, au na mwanamke atakayemchagua mwenyewe.

7. Siku za ugonjwa ziheshimiwe. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, na hizo ndizo za chini kabisa. Karatasi yaweza kutiwa sahihi na daktari, au na msimamizi wa zahanati kwa niaba yake. Mapatano yaweza kuongeza siku, lakini hayawezi kuzipunguza.

8. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka pawe na kamati ya usalama na afya. Twataka katika kila kamati awemo mama aliyepita miaka 45.

Naomba msiseme kwamba hizi ni ndoto. Chini ya Sheria ya Mahusiano Kazini ya mwaka 2007, mapatano ya chama na mwajiri yakisajiliwa mahakamani huwa sheria kati yao, na maneno yake huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Kinachoandikwa pale hakifutwi na nyapara. Lakini kisipoandikwa, tutabaki kuomba tusamehewe.

Na mwajiri naye ana faida. Mama wa miaka 50 anajua kulitambua ua lililokomaa kwa kulitupia jicho. Anajua mahali ugonjwa unapoanzia katika jani. Kumfundisha msichana mpaka afike hapo ni kazi ya miaka. Mwajiri anayemtupa mama huyo kwa sababu ya feni, maji na kiti cha mbao, hajui hesabu.

KWENU MAMA ZANGU NA DADA ZANGU

Chama kina kazi yake, nasi tuna yetu. Mimi si daktari. Nawaambia niliyoyaambiwa kliniki na niliyoyajaribu mwilini mwangu.

Kwanza, nendeni mkapimwe. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA. Fedha yetu imo, basi tuitumie. Msiseme kila kitu ni umri. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone, nenda upesi, maana yaweza kuwa dalili ya saratani. Damu ikitoka nyingi hata ukapata kizunguzungu, nenda upimwe upungufu wa damu. Ukitoa jasho usiku, tena unakohoa kwa wiki mbili au unakonda, nenda upimwe kifua kikuu. Na ukienda, pima na shinikizo la damu, sukari, na mlango wa kizazi.

Pili, matibabu yako. Iko dawa ya kurudisha homoni, nayo ndiyo inayozima joto kuliko nyingine zote. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa kule Marekani ulitia watu hofu juu ya dawa hiyo, na madaktari wengi wakaacha kuitoa. Lakini wanawake wa uchunguzi ule walikuwa na wastani wa miaka 63, na wengi wao hedhi ilikuwa imekoma zamani. Leo inajulikana kwamba kwa mwanamke mwenye afya ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hazijapita 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida ni kubwa kuliko hatari. Mwenye kizazi chake hupewa homoni mbili pamoja, ili kizazi kisidhurike. Haimfai kila mtu. Aliyepata saratani ya matiti, au damu kuganda katika mishipa, au kiharusi, aseme waziwazi kwa daktari, na ziko dawa nyingine zisizo za homoni. Kwa ukavu wa sehemu za siri iko dawa ya kupaka. Lakini jihadharini na wale wanaouza unga na mizizi kwenye stendi za matatu, wakiapa kwamba chupa moja huponya magonjwa arobaini.

Tatu, msidhani mimba haiwezekani tena. Aliyepita miaka 50 ajikinge mpaka mwaka mmoja upite tangu hedhi ya mwisho. Aliye chini ya miaka 50 ajikinge miaka miwili.

Nne, chakula na mwili. Mifupa yataka kalsiamu, na kalsiamu haiko katika vidonge vya bei tu. Imo katika uji wa wimbi, katika maziwa na mala, katika omena wanaoliwa na mifupa yao, na katika sukuma wiki. Maharagwe, ndengu na mayai yalinde misuli. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Sigara huharibu mifupa na moyo, tena huharakisha hedhi kukoma. Pombe huamsha joto na huvunja usingizi. Wengine huamshwa na pilipili, au na chai ya moto sana. Kila mtu ajichunguze.

Mtasema, "Sisi twainama na kubeba kutwa, mazoezi ya nini tena?" Kweli, kazi ni mwendo. Lakini kazi ya kuinama upande mmoja huchosha mgongo na haijengi miguu. Shirika la Afya Duniani lapendekeza dakika 150 za mwendo wa nguvu kiasi kwa wiki, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Atembeaye haraka kwenda kazini nusu saa kwa siku tano, amekwisha kupata dakika hizo. Nyumbani simama na kuketi juu ya kiti mara kumi bila kushika kitu, kisha rudia. Na kama mkojo hukutoka ukikohoa au ukiinua kreti, bana misuli ile ya kuzuia mkojo, hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Hakuna atakayekuona. Unaweza kufanya hata ukiwa foleni ya mshahara.

Tano, semezaneni. Katika sehemu yetu tumeanza kukaa pamoja wakati wa chakula cha mchana, akina mama wachache chini ya mti. Mmoja alikuwa akidhani amelogwa. Mwingine alikuwa akidhani anakufa kwa moyo. Waliposikia wenzao wanasema yale yale, walicheka mpaka machozi yakawatoka, na siku iliyofuata wakaenda kliniki pamoja.

KWENU NDUGU ZANGU WANAUME

Ninyi ndio wengi katika kamati zetu. Sitaki mwone haya kwa niaba yetu. Mwenzako akitoka nje ya grinihausi akipunga leso, usimwite mvivu na usimfanyie mzaha. Nyumbani mke wako akitupa blanketi usiku, au akikasirika kwa neno dogo, usidhani amekuchoka. Mwulize, kisha mpeleke hospitali kama ambavyo yeye angekupeleka wewe. Na katika meza ya mapatano, yakifika madai haya, msiyaweke ya mwisho ili yatupwe saa ya kuondoka. Mama hawa hulipa ada ya chama kila mwezi kama ninyi. Wamesimama nanyi katika migomo wakiwa na watoto mgongoni.

Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakukosea. Tulificha, na kilio kikatufichua ofisini, mbele ya watu waliocheka. Siwezi kumrudishia mwenzangu miaka yake 17. Nilimwendea kwao nikamwomba radhi, akanipa chai, akaniambia, "Yamepita. Lakini mwingine akikuchagua, sema." Ndivyo nitakavyofanya. Siku yoyote nikiitwa tena katika ofisi ile, au katika ofisi nyingine, nitasema kwa sauti, na nitaitaja hedhi kwa jina lake.

Naomba kila tawi lijadili madai haya manane katika mkutano ujao, na makatibu watuandikie majibu kabla ya mazungumzo ya mapatano kuanza. Umoja ni nguvu, nao umoja hauna umri.

Wenu katika kazi,

Shopu Stiwadi, Sehemu ya Maua